Usitie P pikapu ikiwa bado inatembea

Pale kivuko cha Kamanga, Mwanza, magari yakipangwa kuingia kivukoni, dereva huambiwa sogea, rudi, simama, yote ndani ya nusu dakika. Kwenye pikapu ya otomatiki, mkono wake unatoka D (gia ya mbele) kutafuta R (ya nyuma), unapitiliza, unafika P (ya kuegesha) kabla matairi hayajasimama. Ndani ya giaboksi inasikika krrrrr.

P si breki. Kwenye shafti ya kutokea ya giaboksi otomatiki kuna gurudumu lenye meno makubwa, na ukitia P mkono mfupi wa chuma unasukumwa uingie katikati ya meno hayo, kama komeo. Gari likikimbia, ule mkono unaruka juu ya meno bila kushika. Ndiyo kelele unayoisikia. Hatari huja mwendo unaposhuka karibu na ule wa mtu anayetembea. Hapo unadumbukia ghafla, magurudumu ya nyuma yanafunga, na uzito wote wa pikapu pamoja na tani ya dagaa unabebwa na kipande kinachotoshea kiganjani. Kinachoumia ni ncha ya mkono, springi yake au pini inayoushikilia. Baya kuliko yote ni bodi ya giaboksi kupasuka, maana hapo hakuna cha kuchomelea.

Ikitokea, toa mguu kwenye mafuta na rudisha N (gia huru), si R wala D. Kanyaga breki ya mguu mpaka gari lisimame kabisa, kisha vuta hendibreki.

Kupima kama P imeumia, tafuta mteremko mdogo usio na watu mbele, si ule wa Bugando. Kaa kwenye usukani, mguu kwenye breki, tia P, zima injini, teremsha hendibreki, halafu achia breki polepole. Gari kusogea sentimita chache kisha kukaa ni kawaida. Likiendelea kuteremka huku likikwaruza, P haishiki tena. Mpaka litengenezwe, egesha kwa hendibreki na jiwe kwenye tairi. Mwanza mawe hayajawahi kuadimika.

Hata likishika, fungua sampu ya giaboksi, ile trei ya oili chini yake, utazame sumaku inayonasa chembe za chuma. Uji wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vyenye kona ni chuma kilichovunjika, na gari hilo lisiendelee na safari. Pima oili iliyotoka, urudishe kiasi hichohicho cha aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha hakikisha kwa dipstiki kama ipo. Fundi akikuambia mkono wa P unabadilishwa kwa kufungua sampu tu, muulize kama anaijua giaboksi hiyo. Nyingine lazima ishushwe.

Kuegesha mlimani Capri Point kuna mpangilio wake: breki ya mguu, N, hendibreki, achia breki ya mguu ili uzito ulalie hendibreki, kanyaga tena, ndipo P. Ukiona kigia kinagoma kutoka P asubuhi na kinachomoka kwa kishindo, mpangilio huo ulirukwa.

Wenye pikapu za 4x4 wanaoshusha boti ziwani: transfa (kisanduku kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) ikiwa kwenye N, P haizuii chochote, gari linaingia majini huku kigia kikisoma P. Malori makubwa ya otomatiki mengi hayana P kabisa. Hayo ni breki ya upepo na vizuizi vya tairi.