Mtambo mpya upo Bugolobi, mbona mfereji bado unanuka?

SWALI: Mama, pokea salamu kutoka Kampala. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, sasa naishi Namuwongo na wanangu, nauza dagaa. Nyuma ya nyumba tunayopanga unapita mfereji wa Nakivubo. Tulipohamia hapa tuliambiwa mtambo wa zamani wa majitaka pale Bugolobi umechoka, unajengwa mwingine mkubwa, ukikamilika harufu itakwisha. Umekamilika, na harufu ipo. Mvua ikinyesha maji ya mfereji yanatuingia hadi mlangoni. Je, tulidanganywa, au mtambo haufanyi kazi? Na maji ya bomba tunayokunywa yanatoka Ziwa Victoria, humohumo unamoishia mfereji huu. Niwe na hofu?
Mama wa Namuwongo, Kampala

JIBU: Mama wa Namuwongo, salamu zimefika. Mimi niko Mwanza, ng'ambo ya ziwa hilohilo, na kazi yangu ya miaka yote imekuwa kupima majitaka maabara. Kwa hiyo shida yako naijua kwa pua na kwa vipimo.

Nianze na mtambo. Ule wa zamani ulijengwa miaka ya 1940, Kampala ikiwa mji mdogo, ukaja kuongezwa baadaye. Ulitumia vitanda vya mawe: mkono wa chuma unazunguka taratibu juu ya kitanda, unanyunyiza majitaka, nayo yanachuruzika katikati ya mawe. Ukiokota jiwe moja utaona lina utando wa kahawia unaoteleza. Wafanyakazi wenyewe ni huo utando, maana umejaa vijidudu vinavyokula uchafu. Vijidudu hivyo vinataka hewa, na vinataka muda. Sasa jiji lenye watu karibu milioni 1.8 likielekeza hata sehemu tu ya majitaka yake kwenye mtambo uliopimiwa mji mdogo, maji hupita mbio. Saruji inaweza kuwa imara kabisa, mkono unazunguka, na bado yanayotoka ni machafu kwa sababu hayakukaa ya kutosha. Mitambo mingi ya majitaka huchoka kwa namna hiyo, na ndiyo maana kupaka rangi na kubadilisha pampu hakukutosha Bugolobi.

Uchafu huo tunaupimaje? Tunajaza chupa ya kioo ya mililita 300 mpaka shingoni, pasibaki hata kiputo kimoja cha hewa, tunaifunga na kuiweka gizani kwenye nyuzi 20 kwa siku 5. Siku ya tano tunaangalia vijidudu vimekula oksijeni kiasi gani. Majitaka mabichi lazima uyazimue kwanza kwa maji safi, maana usipofanya hivyo oksijeni yote inaisha mapema na unabaki huna cha kupima. Hapa Tanzania kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa kumwagwa ni maji yanayokula miligramu 30 za oksijeni kwa lita. Majitaka yanayotoka majumbani hula mamia. Kutoka mamia mpaka 30 ndiko mtambo unakofanya kazi yake, na kama haufanyi, ziwa ndilo linaloifanya kwa kutoa oksijeni ya samaki.

Mtambo mpya umejengewa uwezo wa kusafisha lita milioni 45 kwa siku. Tena kuna kituo cha Kinawataka kinachosukuma majitaka ya upande wa Nakawa kuyapeleka huko Bugolobi. Ni kazi kubwa, na naipongeza kwa moyo wote.

Lakini mtambo husafisha kile tu kinachoufikia kwa bomba au kwa gari. Hapo ndipo penye jibu la swali lako. Jijini Kampala, chini ya mtu 1 kati ya 10 ndiye ambaye choo chake kimeunganishwa na bomba la majitaka. Waliobaki, wewe na majirani zako mkiwemo, wanatumia vyoo vya shimo na matangi. Namuwongo iko bondeni, maji ya ardhini yako karibu. Ukichimba shimo kidogo tu unayakuta. Shimo hujaa upesi, na wapo wanaongoja mvua kubwa ndipo watoboe ukuta wa choo, uchafu uende na maji. Uende wapi? Mferejini. Mfereji wenyewe umetoka mbali, umepita katikati ya mji na masokoni, umebeba maji ya mvua, mabaki ya vyakula, mafuta ya gereji na mifuko ya plastiki. Maji yakisimama nyuma ya takataka hizo, oksijeni inakwisha, na vijidudu vya aina nyingine vinaanza kutoa ile gesi inayonuka kama yai viza. Kwa hiyo harufu unayoisikia mlangoni haithibitishi kwamba mtambo umekufa. Uchafu huo haujawahi kufika mtamboni.

Hili linaniuma kulisema, kwa sababu kila mtambo unapozinduliwa watu wa bondeni huahidiwa kwamba adha itakwisha, na mara chache wanaambiwa kwamba bomba la kuwaunganisha wao halimo katika mradi. Ungeambiwa ukweli huo mapema ungejua la kudai.

Kuhusu maji ya kunywa. Nakivubo inamwaga kwenye kinamasi, na kinamasi kinaishia ghuba ya Murchison. Mitambo ya maji safi ya Ggaba inachota kwenye ghuba hiyohiyo. Zamani mafunjo ya kinamasi yalichuja sehemu kubwa ya uchafu, lakini yamefyekwa, pamelimwa magimbi na pamejengwa. Maji ya ghuba yakizidi kuchafuka, kuyasafisha kunagharimu dawa zaidi. Kampala ikalazimika kwenda mbali na kujenga mtambo mwingine wa maji safi Katosi, wa lita milioni 160 kwa siku. Maji yanayotoka kwenye mitambo hiyo yametiwa dawa. Hofu yangu kwako ni safari yake kutoka hapo mpaka kwenye ndoo yako: bomba la mtaani likipasuka karibu na mfereji, au likilala ndani ya mtaro, maji yakikatika linavuta uchafu. Yachemshe, uyafunike, na usimruhusu mtoto kuchovya kikombe ndani. Mafuriko yakiingia ndani, vyote vilivyolowa vioshwe kwa sabuni kisha kwa maji yenye dawa ya klorini. Dagaa waanike juu ya kichanja, kamwe wasianikwe chini karibu na ukingo wa mfereji.

Na la kudai ni hili. Wapangaji mkutane, mwende na mwenye nyumba kwa mamlaka ya maji, muulize bomba kuu la majitaka lililo karibu na ninyi linapita wapi na kuunganishwa kunagharimu nini kwa nyumba kadhaa kwa pamoja. Wakiwaambia mtaa umebanana na gari la kuchimba haliingii, waambieni waje watazame Mwanza. Igogo na Kilimahewa ni vilima vya mawe matupu, nyumba zimepandana, njia ni za mguu. Pamepitishwa mabomba membamba, mengine juu ya miamba, na chemba ndogondogo, na majitaka yanashuka yenyewe mpaka kwenye bomba kuu. Bonde lenu ni gumu zaidi maana hakuna mteremko, pampu itahitajika, lakini kubanana kwa nyumba kusiwe kisingizio. Wakati mnasubiri, changeni shimo linyonywe kabla halijajaa, wakati wa kiangazi, na gari lipeleke Bugolobi au Lubigi, kule kwenye mtambo uliofunguliwa 2014 ambao unapokea tope la vyoo. Mwulizeni dereva anakwenda kumwaga wapi, na mpande naye mmoja wenu.

SWALI: Bibi, shikamoo. Sisi hapa Vingunguti, Dar es Salaam, tunapakana na mabwawa ya majitaka. Kwa nini miji inahangaika na mitambo ya gharama wakati mabwawa hayali umeme?
Kijana wa Vingunguti

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Mabwawa ni mazuri sana, na kwenye mji wenye ardhi ningeyachagua kwanza. Jua, upepo na mwani hufanya kazi yote. Tatizo ni kwamba yanataka wiki kadhaa kufanya kile ambacho mtambo unafanya kwa saa, na wiki hizo ni eneo. Nairobi ilipata nafasi kubwa ya mabwawa kule Ruai, nje ya mji. Kampala tambarare yake ni kinamasi. Ninyi nyumba zimeshafika ukingoni. Pia bwawa linajaa tope chini, na lisipochotwa kina kinapungua, maji yanapita mbio kama nilivyomweleza mama wa Namuwongo. Likianza kunuka kuliko kawaida, ulizeni tope lilitolewa lini. Umeme nao si gharama tupu: Bugolobi tope linaozeshwa kwenye matangi yaliyofungwa, gesi yake inaendesha jenereta, na umeme huo unatumika mtamboni humohumo.