Seli za kupewa: usianze kabla hujazipima

Mkuu, umeuliza kuhusu uzamili, uzamivu na ufadhili wa kusomea seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Ila hapo uliposema "msimamizi kanipa seli shina ambazo maabara inazitumia miaka mingi, wiki ijayo naanza majaribio", simama hapohapo. Usianze.

Mimi aliyenitangulia maabara alinikabidhi chupa akasema, "Hizi ni safi, sote tunazitumia." Hakuwahi kuzipima! Zilikuwa na maikoplazima, na data zote za uzamili wangu zikaenda na maji. Hasira haijaniisha mpaka leo. Angesema tu "sijapima", ningepima.

Mdudu huyu ni bakteria asiye na ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini unayotia kwenye virutubishi, yaani maji ya kukuzia seli, haimgusi, na ni mdogo kiasi cha kupenya chujio la mikrometa 0.22. Bakteria wengine wakiingia, kesho yake unakuta virutubishi vimechafuka kama maji ya matope, unamwaga. Huyu anaviacha viangavu vilevile. Kwenye hadubini seli unaziona nzima, ila zinagawanyika polepole na jeni za seli hizo zinabadili mwenendo. Unashangilia dawa unayoijaribu, kumbe unaona kazi ya maikoplazima. PCR moja, kipimo kinachonakili DNA yake mpaka ionekane, ingemfichua kwa saa chache.

Na kwa seli shina kuna zaidi. Zikikuzwa muda mrefu hupata hitilafu za kromosomu. Kipande cha kromosomu ya 20 kiitwacho 20q11.21 kikijirudia, jeni ya BCL2L1 iliyomo huzuia seli kufa, basi zenye hitilafu huzizidi nzima na kutawala chupa. Mara nyingi kipande ni kidogo mno, picha ya kawaida ya kromosomu haikioni. Omba FISH au qPCR, vipimo vinavyotafuta kipande hicho chenyewe. Unataka kutengeneza tishu za kupandikiza watu kwa seli kama hizo?

Hata jina kwenye chupa usiliamini. Mwanajenetiki Stanley Gartler alionyesha tangu 1966 kwamba seli nyingi zenye majina tofauti zilikuwa HeLa tupu, yaani seli za saratani zilizovamia chupa za wengine. Pima STR, vipande vya DNA vinavyojirudia ambavyo hutambulisha seli ni za nani.

Uzamili kwanza au uzamivu moja kwa moja, na habari za ufadhili, wengine watakujibu. Wewe kesho muulize msimamizi: majibu ya vipimo yako wapi, na ni ya lini? Kama hayapo, tenga chupa yako kwenye inkubeta ya peke yake, zikuze siku kadhaa bila antibayotiki, kisha peleka sampuli. Zikitoka safi, gandisha akiba kwenye naitrojeni ya kimiminika siku hiyohiyo.