Kwa Unayefungua Duka la Simu Amu: Usiweke Mtaji Wako kwenye Jina

Ukitaka kuielewa biashara ya simu hapa Amu (Lamu), mwombe fundi yeyote wa zamani akufungulie droo yake ya betri. Utakuta BL-5C tele. Hiyo ni betri ya Nokia 1100, kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe, yenye tochi, iliyotoka 2003 ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Mwenye kuitengeneza alishaiuza biashara yake ya simu, aliyeinunua akashindwa nayo, na jina likaja kukodishwa kwa HMD, kampuni nyingine ya Finland. Betri haikuondoka. Redio ndogo wanazokwenda nazo wavuvi zinaitumia, spika za barazani zinaitumia, na kabambe za chapa ambazo hujawahi kuzisikia nazo zinaitumia. Kijana akinijia kuuliza aanze na simu za kampuni gani, mimi humuuliza: kampuni hiyo ikianguka kesho, kwenye rafu yako kitabaki nini cha kuuzika?

Wengi hudhani Nokia iliangushwa na simu mbovu. Simu zilikuwa imara. Kilichowashinda ni programu. Apple ilitoa iPhone 2007, mwaka uliofuata ikafungua duka la programu, na mwaka huohuo wa 2008 simu ya kwanza ya Android ikaingia sokoni. Google iliiachia Android itumiwe na mtengenezaji yeyote bila kununua leseni, kwa hivyo kila kiwanda cha China kilichokuwa na kioo na betri kikapata mfumo endeshi uliokwisha kupikwa. Nokia ilikuwa na Symbian, mfumo mzee uliowachosha waandishi wa programu. Februari 2011, chini ya mkurugenzi wake mkuu Stephen Elop, ikaamua kuuacha na kuhamia Windows Phone ya Microsoft. Simu zake za mfumo huo, Lumia, zilikuwa na kamera za kusifika, hata ile Lumia 1020 ya 2013 yenye megapikseli 41 wapiga picha waliitamani. Lakini mwandishi wa programu hapotezi muda kwenye mfumo wenye watumiaji wachache, na mnunuzi haendi kwenye mfumo usio na programu. Kila upande ukamngoja mwenzake. Microsoft ilikamilisha kuinunua biashara ya simu za Nokia Aprili 2014 kwa zaidi ya euro bilioni 5; Julai 2015 ikafuta dola bilioni 7.6 vitabuni mwake kwa ajili ya ununuzi huo. Mwisho wa 2019 WhatsApp ikaacha kufanya kazi kwenye Windows Phone. Simu isiyo na WhatsApp, kwa mtu wa hapa mwenye ndugu Mombasa na shangazi Maskati, ni tochi tu.

BlackBerry sina mengi ya kuisema. Maofisa waliipenda, na Januari 4, 2022 kampuni ikazima huduma zilizokuwa zikiziendesha zile simu zake za zamani. Ukiletewa moja na mjukuu wa mtu akisema ni nzima kabisa, msikilize kwa adabu, usinunue.

Somo lenye makali zaidi ni la Huawei, na hili nataka ulikalie. Mwaka 2011 IDEOS yao iliuzwa Kenya kwa chini ya shilingi elfu kumi, na wengi walioshika simu ya kugusa mara ya kwanza walianzia hapo. Miaka ikapita, Huawei ikapanda mpaka ikawa inapambana na Samsung na Apple. Mei 2019 serikali ya Marekani ikaiweka kwenye orodha ya kampuni zisizoruhusiwa kuuziwa teknolojia ya Kimarekani bila kibali. Mate 30 ya Septemba mwaka huo ikatoka bila Play Store, duka la programu la Google, bila Gmail, bila ramani za Google. Kamera ilikuwa ileile nzuri, kioo kilekile, betri ileile. Novemba 2020 wakaiuza Honor, chapa yao ndogo. Wakajijengea mfumo endeshi wao, HarmonyOS, na mwaka 2023 wakarudi kwa kishindo huko kwao China na Mate 60 Pro, kwa hivyo huwezi kusema wamekufa. Ila mteja wako wa mtaa wa Langoni hanunui simu China. Ana anwani ya Gmail aliyofunguliwa na mpwawe, picha za harusi ziko Google, na akikuta mlango huo umefungwa atakurudia wewe, hatakwenda Washington wala Shenzhen.

Kabla hujaagiza simu usiyoizoea, iwashe. Fungua Play Store mbele ya muuzaji na uingize anwani yako. Halafu angalia ni Android namba ngapi. Oktoba 2023 WhatsApp ilianza kutaka angalau Android 5.0, na kiwango hicho hupandishwa kila baada ya muda, kwa hivyo simu ya zamani iliyo chini yake, hata iking'ara vipi, ni hasara uliyoinunua kwa hiari yako. Kwa simu zilizotumika, uliza pia mtengenezaji ameahidi kuisasisha mpaka lini. Samsung imeahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 ya 2024, na Google miaka 7 kwa Pixel 8 ya 2023. Simu za bei ya chini aghalabu hazipati ahadi ya namna hiyo, na mteja ana haki ya kuambiwa.

Sasa Tecno. Hapa ndipo pesa ya kila siku ilipo, kwa hivyo sahau mabishano ya vijana wa barazani kuhusu iPhone na Samsung. Tecno, itel na Infinix zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, iliyoanza 2006 na kuikazania Afrika wakati wakubwa wanatuona soko la mabaki. Waliwatazama watu wanavyoishi. Mvuvi wa Kizingitini ana laini ya Safaricom kwa ajili ya M-Pesa na ya Airtel kwa ajili ya bando. Wao wakampa simu ya laini mbili, wakati Nokia inajivuta. Umeme unakatika, wakaweka betri kubwa. Picha za watu weusi zilikuwa zinatoka giza tupu; wakaishughulikia kamera. Wakafungua na vituo vya matengenezo, Carlcare, na vioo vyao vikajaa Luthuli, mtaa wa maduka ya simu Nairobi, kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Ukiniuliza mimi, hicho cha mwisho ndicho kilichowapa ushindi huku kwetu. Mtu anarudia chapa ambayo kioo chake kilibadilishwa siku mbili baada ya kupasuka.

Lakini usije ukajaza duka vioo vya Tecno ukidhani umefika. Mitindo yao ni mingi mno. Spark hii na Spark ile zinafanana kwa nje, ukifungua unakuta waya wa kioo umekaa upande mwingine. Kioo cha mtindo wa mwaka juzi kinadoda kabla hujakiondoa kwenye sponji yake. Na sasa wapo Redmi, Oppo, Vivo na Samsung za mfululizo wa A, wote wanagombea mteja yuleyule. Weka vioo vya mitindo mitatu au minne unayoiona mikononi mwa watu ukipita Usita wa Mui, njia kuu ya mjini, jioni. Vingine agiza vinapohitajika.

Vitu vinavyouzika bila kujali nani anatawala ni chaji, waya, protekta, kava na memori kadi. Hata hapo sheria za mbali zinakufikia. Umoja wa Ulaya uliamuru simu zinazouzwa kwao zitumie tundu la USB-C kufikia mwisho wa 2024, na Apple, iliyoshikilia tundu lake la Lightning tangu 2012, ikahama na iPhone 15 mwaka 2023. Watalii wa Shela sasa wanakuja na waya mmoja. Lightning bado zinatoka, kwa sababu iPhone zilizotumika zinaishi sana, lakini nunua chache chache. Zile ndogo za kabambe, micro-USB, usizidharau. Zinauzika kila siku na hazina kelele.

Kwenye meza ya ufundi, ushindani huu umebadilisha mikono yetu. Zamani simu ikianguka majini ulitoa kifuniko, ukatoa betri, basi. Samsung ilikuwa ikisifiwa kwa betri ya kutoka. Galaxy S5 ya 2014 ilikuwa nayo, S6 ya 2015 ikafungwa kwa gundi, betri isitoke kwa mkono, kama ilivyo kwa simu za Apple tangu mwanzo. Na hapa simu huanguka majini, si bombani, baharini. Wakati wa kushuka boti gatini Mokowe, wakati wa kuvuta nanga, wakati mtoto wa mgeni anapopiga picha pomboo. Mteja atakwambia muuzaji alimhakikishia simu haiingii maji. Mweleze taratibu kwamba kipimo kile, IP68, hufanywa kwa maji matamu na simu ikiwa mpya. Chumvi haimo kwenye hesabu.

Kwa hivyo jifunze hili kabla hujajifunza kuflash, yaani kuipakia simu programu yake upya. Simu ikitoka baharini isichajiwe wala isijaribiwe kuwashwa. Chumvi na umeme vikikutana kwenye bodi, shaba huliwa. Utaona ukijani ukianza kwenye tundu la chaji. Fungua, chomoa betri kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Suuza bodi kwa maji matamu safi kuondoa chumvi, halafu kwa spiriti, ukisugua kwa brashi laini, hasa chini ya vile vifuniko vya bati ambako maji hujificha. Kausha kwa hewa vuguvugu, usiiunguze. Mchele waachie wapishi. Na kabla ya yote, mwambie mwenye simu kwamba unajaribu kuokoa picha na namba zake, na kwamba simu yenyewe hata ikiwaka inaweza kufa baada ya wiki. Akikubali ndipo ufungue.

Kuna mambo mawili yatakayokuletea polisi, nayo yanatokana na hayahaya ya soko. Simu bandia zilipojaa nchini, tume ya mawasiliano ilizima zaidi ya milioni moja mwishoni mwa Septemba 2012, na wauzaji waliokuwa nazo rafu nzima walilala nazo. Bonyeza *#06# kwenye kila simu unayonunua, linganisha IMEI, namba ya utambulisho wa simu itakayotokea, na iliyo kwenye boksi, na uiandike kwenye daftari pamoja na jina la aliyekuuzia. Atakayekuomba ubadilishe IMEI mrudishie simu yake, maana ni kosa la jinai. La pili ni simu za mkopo. Tangu 2020, Safaricom na Google walipoanza mpango wa shilingi 20 kwa siku, na kampuni nyingine zikafuata kwa masharti yao, Android za mkopo zimefika mpaka Faza. Mteja asipolipa, simu hujifunga. Atakujia jioni, kwa sauti ya chini, akitaka uifungue. Simu hiyo bado si mali yake, na ukiigusa umejiingiza kwenye deni la mtu. Vilevile usinunue simu iliyotumika kabla hujaona imezimwa, imewashwa, imefutwa mbele yako na kukubali anwani mpya. Iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine haina faida kwako isipokuwa kioo, na hata kioo utaulizwa kimetoka wapi.

Msimu nao una sauti kuliko matangazo. Kusi ikivuma, tangu Aprili hadi Septemba hivi, bahari huchafuka, wavuvi hupungukiwa, na watu hutengeneza walichonacho. Huo ni wakati wa spea, betri na kabambe. Kaskazi ikiingia, kamba wanavuliwa, wageni wanajaa Shela, pesa inazunguka na simu mpya zinatoka. Idi na Maulidi ni kava na protekta mpaka usiku. Mtu wa bara akikushauri uagize simu nyingi mwezi wa Juni kwa sababu kuna mtindo mpya umetoka, mshukuru, usiagize.

Mzigo kutoka Luthuli unapanda basi, unapita Malindi na Witu, unashuka Mokowe, unavuka kwa boti. Vioo vifungwe kwa sponji na nailoni, vikae ndani ya boksi gumu, na umjue kwa jina kijana anayekupokelea gatini. Kioo cha iPhone usikiweke dukani hata kimoja. Ni ghali, na tangu iPhone 11 simu yenyewe humwonyesha mwenyewe ujumbe kwamba kioo si cha asili, kwa hivyo mwambie mapema asije akaona amepunjwa. Chukua nusu ya pesa kwanza, hakikisha namba ya mtindo kwenye mipangilio ya simu, ndipo uagize. Kikifika, kiunganishe na ukijaribu kila pembe kwa kidole kabla ya kupaka gundi, mteja akiwa amekaa mbele yako anaangalia.