Nikipapenda Huko, Naweza Kubaki?

SWALI

Dada, hujambo? Mimi ni fundi wa magari hapa Nakuru, upande wa Shabab, na nina miaka 26. Nina cheti cha ufundi wa magari nilichosomea miaka miwili. Binamu yangu anaishi Stuttgart, amenialika mwezi wa saba tuzunguke kwa gari lake wiki tatu: Ujerumani, Uswisi, Italia, Ufaransa. Nimeanza kujiuliza, nikifika nikapapenda, siwezi kubaki huko huko nianze maisha? Kuna wakala anayetaka laki mbili na nusu, eti viza yangu ya matembezi itageuzwa kuwa ya kazi nikiwa Ulaya. Mamangu hataki hata kusikia. Mimi ndiye mwanawe wa pekee na anasema nikienda sitarudi. Nishauri.
Fundi, Nakuru

JIBU

Mdogo wangu, hizo laki mbili na nusu usizitoe. Naanza na hilo kwa sababu bado unazo mkononi, na mimi zamu yangu ilipofika sikuwa na wa kuniambia. Mwaka 2015 nilimpa wakala mmoja wa Kisumu elfu sabini, katika ofisi ya ghorofani iliyokuwa na picha ya ndege ukutani. Akanipa risiti ya kalamu ya kijani. Wiki ya tatu nikakuta mlango una kufuli, na kijana wa duka la simu pale chini akaniambia mimi ni wa tisa kuuliza asubuhi hiyo. Ukitaka kujua kama wakala ana leseni, jina lake litafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla hujatoa hata shilingi. Lakini huyo wako hahitaji kutafutwa. Anachokuuzia hakipo.

Viza ya Schengen, ile moja ya kutembelea nchi nyingi za Ulaya, inakupa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, na ni ya kutembea, si ya kuajiriwa. Anayetoka Kenya kwenda Ujerumani kufanya kazi au kusomea kazi huomba viza nyingine kabisa, ya kitaifa, kupitia ubalozi wao Nairobi, na huiomba akiwa nyumbani. Ukibaki siku zako zikiisha, hutakuwa umeanza maisha, utakuwa umejificha. Na kujificha kumekuwa kugumu: tangu tarehe 12 Oktoba 2025 mipaka ya nje ya Schengen imeanza kusajili uso na alama za vidole kwenye kompyuta, mahali pa mihuri ya pasipoti. Siku ulizozidisha zinaonekana, na utazikuta zinakungoja siku utakapoomba viza ya kweli.

Safari yenyewe nenda, na moyo mkunjufu. Binamu yako aende ofisi ya wageni ya mji wake atie sahihi hati ya kukudhamini. Ada ya viza ni euro 90, na lazima uwe na bima ya safari ya angalau euro 30,000 za matibabu. Kama siku nyingi zaidi mtakaa Ujerumani, maombi yapeleke kwa Ujerumani. Sema unakwenda kutembea, halafu utembee kweli.

Acha nikusimulie yangu, kwa maana kazi niliyo nayo leo niliipata kutokana na gari lililoharibika njiani.

Mwaka 2016 dada yangu na mumewe, wakazi wa Trier, Ujerumani, walinialika siku 18. Tulikuwa na Opel ya zamani, ile ndefu ya nyuma. Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Schengen penyewe. Ni kijiji tu cha Luxemburg kando ya mto Mosel, mizabibu imepanda mlima nyuma ya nyumba. Hapo ndipo nchi tano zilipotia sahihi mkataba wa kuondoa ukaguzi kwenye mipaka kati yao mwaka 1985, ndani ya meli mtoni. Ng'ambo ya daraja ni Ujerumani, na Ufaransa unafika kwa miguu. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, na nilipokuwa mdogo nimewahi kulala naye kwenye kabini usiku mbili pale mpakani Malaba, tukingoja karatasi zigongwe mhuri. Nilivuka daraja lile, nikarudi, nikalivuka tena, hakuna aliyeniuliza jina. Nililia, na sioni haya kulisema.

Strasbourg, Basel, ziwa Como, hayo utayaona mwenyewe. Jua tu kwamba barabara kuu za Uswisi zinataka kibali cha faranga 40 cha mwaka mzima, hata kama unapita siku moja, na handaki la Gotthard ni karibu kilomita 17 chini ya mlima. Italia na Ufaransa unalipia vibandani, kwa hiyo pesa za barabara zitengeni mapema. Tuliporudi tulipitia mlima Brenner, kutoka Italia kuingia Austria. Wanausifu sana, lakini uko mita 1,370 tu. Wewe unalala juu zaidi ya hapo kila siku, Nakuru iko kama mita 1,850.

Tulipoanza kuteremka kuelekea Innsbruck, taa nyekundu ya betri ikawaka. Alteneta, kifaa cha kuchaji betri, ilikuwa imekufa. Gari likavutwa hadi gereji ya kijijini, na hapa nataka usome polepole, kwa sababu ni mambo yako. Aliyelishika gari letu alikuwa mvulana wa miaka 17 hivi, mwanafunzi wa kazi. Hakufungua hata nati moja. Alichukua mita, akapima umeme injini ikiwa imezimwa, akaandika namba kwenye kadi. Akaiwasha, akapima tena, akaandika. Mwalimu wake alisimama nyuma yake mikono mgongoni na hakusema kitu. Kijana alipokosea mahali pa kugusa waya, yule mzee alikohoa tu, na kijana akajua. Shemeji aliniambia kijana huyo analipwa kila mwezi kwa kujifunza.

Kipuri kilihitaji siku mbili. Tukalala nyumba ya wageni iliyokuwa jirani. Mwenye nyumba alikuwa na mama aliyepigwa na kiharusi, mkono wa kushoto hauna nguvu, na jioni ile alikuwa akimlisha supu huku simu ikiita na wageni wakigonga mlango. Nikaomba kijiko kwa ishara. Nilimlisha nyanya yangu kule Ahero miaka mitatu, najua unavyolitazama koo lipande na kushuka ndipo ulete kijiko cha pili. Bibi yule akamaliza sahani. Bintiye akamuuliza dada yangu, huyu kazi yake ni gani? Nilikuwa nauza mitumba soko la Kibuye, Kisumu.

Usiku ule shemeji aliniambia nibaki, watu watanificha. Sikubaki. Siku ya 18 nilipanda ndege, na Jumatatu nilikuwa Kibuye na bunda langu, ila sasa najua ninachotafuta.

Nilisoma Kijerumani miezi 14, saa kumi na moja alfajiri kabla ya soko. Mtihani wa B1, kiwango cha kati cha lugha, niliufanyia Taasisi ya Goethe, Nairobi. Una sehemu nne, na kila moja inataka alama 60. Kusikiliza nilianguka, nikairudia hiyo peke yake nikapita. Nikatafuta nyumba ya wazee iliyokubali kunifundisha, nikapata mkataba, na kwa mkataba huo nikapata viza. Mwaka 2018 nikaanza, 2021 nikapata cheti cha kutunza wazee.

Njia yako inafanana. Mafunzo ya kazi wanayaita Ausbildung, na ya ufundi wa magari huchukua miaka mitatu na nusu: siku nyingine shuleni, nyingine gereji, na unalipwa tangu mwezi wa kwanza. Kwanza lugha, uifikishe angalau B1. Pili mkataba wa gereji. Tatu viza. Kwa kuwa una cheti cha miaka miwili, uliza pia kuhusu Chancenkarte, kibali kilichoanza Juni 2024 cha kwenda kutafuta kazi hadi mwaka mmoja, ukiwa na pesa za kujikimu. Makubaliano ya uhamiaji na ajira ambayo Kenya na Ujerumani zilitia sahihi Berlin mnamo Septemba 2024 yapo, lakini hayampi mtu viza peke yake. Atakayekuambia vinginevyo mwepuke. Na leseni yako ya Kenya, ukishakuwa mkazi, inakubaliwa miezi sita tu, halafu unafanya mitihani yao. Fundi asiye na leseni halijaribu gari barabarani, hilo lipangie bajeti.

Katika zile wiki tatu, mwambie binamu yako akupeleke gereji nne au tano za Stuttgart. Simama utazame, uliza wanachukua wanafunzi mwezi gani, andika majina. Usishike spana kwa malipo hata ya saa moja.

Kuhusu mama, usibishane naye. Mpe tarehe. Mimi mamangu aliiandika tarehe ya tiketi yangu kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni. Siku hiyo ndege ilitua Kisumu saa sita mchana, yeye alikuwa amesimama pale uwanjani tangu saa mbili asubuhi. Mwaka 2018 nilipomwambia naenda kusoma miaka mitatu, hakulia wala hakunizuia. Alienda jikoni, akarudi na kipande cha kaa, akaniuliza likizo yangu ya kwanza ni lini.