Lipu ya bafuni imebanduka, nyuma inang'aa

SWALI: Shikamoo fundi. Nina nyumba Nkuhungu, hapa Dodoma. Ukuta wa bafu ulikuwa ukitoa chumvi na lipu ikidondoka. Fundi akaniagiza ile dawa nyeupe kama maziwa, ya kuchanganya na simenti. Aliipaka ukutani asubuhi, akapiga lipu baada ya chakula cha mchana. Miezi mitatu tu, lipu imebanduka pande zima, na nyuma yake panang'aa kama vanishi. Je, niliuziwa feki?
Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Marahaba mwanangu. Huenda dawa ilikuwa nzima kabisa. Huo mng'ao ndio dawa yenyewe, iliyokauka kabla lipu haijaikuta.

Yale maziwa ni maji yaliyobeba chembe za plastiki au mpira, ndogo mno kuonekana kwa macho. Simenti ikinywa sehemu ya maji na mengine yakikauka, chembe husogeleana, zikashikana, zikawa utando ndani ya vitundu vya lipu. Utando huo huishika lipu ukutani, huziba njia za maji na kuzuia nyufa ndogo zisitambae. Jambo la zamani hili: miaka ya 1920 Waingereza walikuwa wakichanganya simenti na utomvu wa mpira.

Lakini utando ukikauka peke yake ukutani ni ganda la plastiki. Lipu haina pa kung'ata. Na upepo wetu wa Julai mnaujua! Mimi sipaki sehemu kubwa kuliko ninayoweza kuipiga lipu ndani ya robo saa.

Mwambie fundi akwangue mng'ao wote, hata kwa patasi. Aloweshe ukuta, asubiri maji yasiwe yanateleza juu. Achanganye dawa na maji nusu kwa nusu, atie simenti mpaka iwe uji mzito, apake kwa brashi, na lipu ifuate uji ukiwa bado unanata. Dawa ikiingia kwenye lipu yenyewe, apunguze maji, maana dawa huilainisha. Kipimo afuate kilichoandikwa kwenye ndoo. Bei yake si ndogo, kwa hiyo sebuleni wala usiitie.

Kumwagilia nako ni tofauti. Lipu ya kawaida nailowesha siku saba. Hii ifunikwe magunia mabichi siku moja au mbili, kisha iachwe ikauke, la sivyo utando haufungi.

Dukani soma ndoo. Kwa bafu chukua yenye herufi SBR, yaani mpira wa kiwandani, au akriliki, ambayo ni plastiki. Ya PVA, ile jamii ya gundi nyeupe ya mbao, iache, unyevu huirudisha kuwa laini.

Ila chumvi inaletwa na maji, na dawa haitayakausha yanakotoka. Kagua bomba kwanza. Kama linavuja ndani ya ukuta, lipu mpya isubiri.