Maswali na majibu: Traka inawaka taa, lakini gari halionekani kwenye ramani

SWALI: Habari za kazi, fundi. Niko Masasi, nina Fuso moja na bajaji mbili. Msimu wa korosho Fuso inabeba mizigo kutoka maghala ya Newala na Tandahimba kwenda Mtwara mjini. Nje ya msimu inakwenda Nachingwea na Liwale kufuata ufuta. Kampuni za kufuatilia magari zinataka ada ya kila mwezi kwa kila chombo. Kijana wangu ameweka programu ya bure iitwayo Traccar kwenye kompyuta ya nyumbani, na intaneti yetu ni ya ruta ya laini. Tumenunua kifaa cha GT06, fundi umeme amekifunga kwenye Fuso, taa zote zinawaka, lakini kwenye ramani hakuna kitu. Tumekosea wapi? Na je, tuweke na ile rilei ya kuzima gari kwa simu? – Mama mwenye Fuso, Masasi

JIBU: Shikamoo, mama. Kifaa chenu huenda ni kizima kabisa. Nashuku zaidi hiyo kompyuta ya nyumbani.

Kwenye mfumo huu traka ndiyo inayoitafuta seva, yaani kompyuta yenye Traccar. Inapata mahali ilipo kutoka satelaiti, inafungua data ya laini iliyomo ndani yake, kisha inatuma ujumbe kwenye anwani mliyoiandikia. Seva lazima iwe na anwani ambayo mtu yeyote aliye nje anaweza kuifikia. Ruta ya laini kwa kawaida haina anwani hiyo, kwa sababu kampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kompyuta yenu inaweza kutoka kwenda kwenye tovuti yoyote, ila wa nje hana njia ya kuingia. Kijana akifungua Traccar kwenye kompyuta hiyohiyo anaiona inafanya kazi, ndiyo maana ni rahisi kudhani kosa liko kwenye kifaa. Ahakikishe hivi: afungue ukurasa wa ruta na kuangalia anwani ya upande wa intaneti. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, asihangaike na mipangilio ya ruta, haitasaidia. Na kama mliandika kwenye traka anwani ya aina ya 192.168, hiyo haina maana yoyote nje ya nyumba yenu.

Kodini seva ndogo mtandaoni, ya Linux (Ubuntu inatosha), yenye RAM ya GB 1. Bei yake huwa dola 4 mpaka 6 kwa mwezi, na gharama ni ileile muwe na chombo kimoja au ishirini. Hapo ndipo mnapookoa pesa. Umeme ukikatika Masasi, seva inaendelea kupokea.

Kabla ya kugusa Fuso tena, jaribuni seva kwa simu. Kuna programu ya Android iitwayo Traccar Client. Inatuma mahali simu ilipo kupitia poti (mlango wa seva wenye namba) 5055. Simu ikionekana kwenye ramani, basi seva ni nzima na kilichobaki ni traka. Watu wengi hubadilisha vitu vitatu kwa pamoja halafu hawajui kipi kiliharibika.

Kijana apakue faili la Linux kutoka traccar.org, alifungue, kisha aandike:

sudo ./traccar.run
sudo systemctl start traccar

Programu inakaa kwenye /opt/traccar. Ukurasa wake uko poti 8082. Afungue akaunti ya msimamizi papo hapo kwa nywila ndefu, asiiache seva wazi usiku kucha bila mwenyewe. Hifadhidata inayokuja na programu, yaani H2, inafaa kwa majaribio tu. Kabla msimu haujaanza ahamie MySQL au PostgreSQL. Akiandika anwani ya MySQL ndani ya traccar.xml, kila alama ya ampersand lazima ifuatwe papo hapo na herufi amp na nukta-mkato (;), la sivyo programu haitawaka kabisa. Na kwa kuwa Java na MySQL zinagombea GB 1, aongeze swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya GB 2.

Kwenye faiwoli (ukuta unaozuia wa nje) afungue poti 22 ya kuingilia, 80 na 443 za ukurasa, 5055 wakati wa jaribio la simu, na poti moja ya traka. Maelekezo mengi husema ufungue poti zote kuanzia 5000 hadi 5150, hamna haja. Kila aina ya traka ina poti yake, na GT06 ni 5023:

sudo ufw allow 5023/tcp

Poti 8082 aiache imefungwa kwa nje, aweke Caddy au Nginx (programu za kupitisha ukurasa kwa njia ya siri) mbele yake ili nywila zisisafiri wazi. Akumbuke pia kwamba baadhi ya wakodishaji wa seva wana faiwoli nyingine kwenye ukurasa wao. Ufw (faiwoli ya ndani ya seva) ikifunguliwa na ile ikabaki imefungwa, hakuna kinachopita.

Sasa traka. Toeni laini, muiweke kwenye simu ya kawaida. Hakikisheni haina PIN, ina bando la data na vocha kidogo ya kujibia SMS, na imesajiliwa kwa NIDA yako wewe, mama. Isisajiliwe kwa jina la dereva wala la fundi. Ikipotea au ikifungiwa, mwenye alama za vidole ndiye atakayeweza kuirudisha. Angalieni APN (jina la njia ya data ya kampuni ya simu) humohumo kwenye mipangilio ya simu, mara nyingi ni neno internet. Rudisheni laini kwenye traka, kisha itumieni SMS hizi moja moja, mkisubiri jibu kabla ya kutuma inayofuata:

APN,internet#
SERVER,1,jina-la-seva-yenu,5023,0#
GMT,E,0,0#
TIMER,30,300#
STATUS#

Namba 1 baada ya SERVER inaiambia traka kwamba mnatumia jina, kama lile la tovuti. Mkitumia namba za IP, andikeni 0. Mimi napendelea jina. Siku mkihamisha seva mtabadilisha jina lielekee kwingine, badala ya kutuma SMS kwa gari lililoko Liwale lisilo na mtandao.

Mstari wa GMT unawasumbua wengi. Saa zetu ziko saa 3 mbele ya UTC (saa ya pamoja ya dunia), kwa hiyo fundi anaandika E,3 akidhani anasaidia. Traccar inategemea traka itume UTC, kisha yenyewe inageuza kwa saa za anayetazama. Ukiweka 3 kwenye traka, gari linaonekana lilifika Mtwara saa 3 baada ya muda halisi liliofika, na ripoti zote za safari zinavurugika. Acheni sifuri.

TIMER,30,300 maana yake ni kutuma kila sekunde 30 funguo ikiwa imewashwa, na kila sekunde 300 ikiwa imezimwa. Gari likitembea saa 10 kwa siku, hizo ni jumbe 1,200. Kila ujumbe, pamoja na vifungashio vya mtandao, ni kama baiti 150, yaani KB 180 kwa siku, chini ya MB 6 kwa mwezi. Bando dogo kabisa linatosha. Kinachozimisha traka nyingi ni siku za bando kuisha huku data ikiwa bado ipo, kwa hiyo chagueni la mwezi kuliko la wiki.

STATUS# inajibu hali ya betri, GPRS (data), GSM (mtandao wa simu) na GPS (satelaiti). GPRS ikiwa haijaunganika, tazameni APN na bando. Ikiwa imeunganika na ramani bado tupu, kijana aingie kwenye seva aandike:

tail -f /opt/traccar/logs/tracker-server.log

Hapa ndipo penye majibu yote, na ni vizuri ajifunze kupasoma. Ujumbe wa kwanza wa GT06 unafanana na huu:

78780d01012345678901234500018cdd0d0a

Usomeni kwa jozi. 78 78 ni mwanzo, 0d ni urefu, na jozi ya nne ni aina ya ujumbe: 01 ni kujitambulisha. Jozi nane zinazofuata ni IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa) iliyotanguliwa na sifuri, hapa 123456789012345. Mwisho daima ni 0d 0a. Mkiuona huo na chini yake maneno Unknown device, traka imefika salama ila IMEI mliyoiandika kwenye Traccar si hiyo. Nakilini tarakimu 15 kutoka hapo, msitegemee kibandiko cha kwenye boksi.

Jozi ya nne ikiwa 13 peke yake muda wote, traka inasema tu kwamba ipo hai, haijapata satelaiti. Tatizo ni mahali ilipofungwa. Mkiona 12 au 22, hizo ni jumbe za mahali, ramani inapaswa kujaa.

Ujumbe ukianza na 2a4851, mmeuziwa kifaa cha aina ya H02 ndani ya gamba la GT06. Pelekeni poti 5013. Ukianza na 696d6569 ni cha familia ya Coban, poti 5001. Amri zao za SMS ni tofauti na hizo za juu, kwa hiyo karatasi iliyokuja na kifaa isitupwe. Na kama hakuna mstari wowote unaotokea, traka haijaifikia seva: ni jina la seva, poti au faiwoli.

Kuhusu ufungaji, Fuso nyingi zina betri mbili, 24V. Someni kibandiko cha kifaa: GT06N inakubali 9 hadi 36V, lakini vifaa vya kuiga si vyote. Waya mwekundu uende kwenye moto wa kudumu kupitia fyuzi ya ampea 1 au 2 iliyo karibu na betri. Mweusi uende kwenye bodi, kwenye bolti iliyokwanguliwa rangi na kutu. Gari linaloshinda bandarini hupata kutu ya chumvi haraka, na hasi mbovu huifanya traka ijizime na kujiwasha kila gari linapopita kwenye shimo. Wa rangi ya chungwa ni wa funguo: pimeni kwa mita, tafuteni waya wenye moto funguo ikiwashwa na usio na kitu ikizimwa. Rangi hubadilika kati ya watengenezaji, mita ndiyo ya kuaminiwa. Kifaa kikae chini ya plastiki ya dashibodi, upande wa antena ukitazama juu. Ishara ya satelaiti haipenyi chuma.

Rilei ya kuzima gari: msiiweke. Barabara ya kushuka kutoka Newala ina miteremko na kona, na Fuso iliyojaa magunia injini ikizimika usukani unakuwa mzito papo hapo na breki ya ekzosi inapotea. GT06 halisi hutekeleza amri pale tu GPS inaposoma na mwendo uko chini ya kilomita 20 kwa saa. Za kuiga hazina adabu hiyo zote. Isitoshe, dizeli nyingi za zamani hazizimiki kwa kukata waya wa funguo tu, na fundi atakuwa anabahatisha. Ukisisitiza kuiweka kwenye bajaji, rilei iwe ya 12V, waya ukatwe upitie mguu 30 na 87a. Hivyo traka ikifa, bajaji inaendelea kutembea. Rilei ya 12V kwenye Fuso ya 24V itaungua.

Mtandao kati ya Nachingwea na Liwale una mapengo, na karibu na mto Ruvuma au daraja la Mtambaswala laini inaweza kushika mnara wa Msumbiji na data ikakatika. Traka nzuri huhifadhi pointi na kuzituma ikirudi mtandaoni, hivyo njia inajichora baadaye. Msimpigie dereva kelele kwa sababu tu gari limesimama kwenye ramani kwa saa moja. Traka ya bei ya chini mno haihifadhi kitu, inaacha mstari ulionyooka juu ya pori.

Kuna kosa moja litakaloonekana gari likilala ghalani kusubiri kushusha: pointi huhamahama mita chache usiku kucha, na asubuhi ripoti inadai limetembea kilomita kadhaa. Ongezeni kwenye traccar.xml:

<entry key='coordinates.filter'>true</entry>
<entry key='coordinates.minError'>50</entry>

Hapo mwendo wa chini ya mita 50 unapuuzwa. Hili ni muhimu kama utalinganisha kilomita na lita za dizeli. Mfumo huu haupimi mafuta. Unakupa umbali, hesabu ya lita ni yako mpaka uweke kipimo ndani ya tangi.

Mwambie dereva na utingo kwamba gari lina traka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu taarifa za watu, na njia za dereva ni taarifa zake pia. Na siku ukinunua basi la abiria, mfumo huu hauchukui nafasi ya VTS (mfumo wa kufuatilia mabasi) inayotakiwa na LATRA.

Bajaji zifungwe mwisho, Fuso ikiwa imeshakaa sawa. Traka inakula takriban miliampea 50, yaani Ah 1.2 kwa siku. Bajaji inayofanya kazi kila siku haitahisi, lakini ikilala gereji wiki mbili imepoteza karibu Ah 17. Chomoeni fyuzi ya traka kabla ya kuiacha.