i5-2500K ya zamani kufika 4.5 GHz
Mdogo wangu, unauliza kama prosesa yako ya Intel, i5-2500K ya 2011, itafika kasi ya 4.5 GHz bila kuungua. Inaweza, ila mimi ningeridhika na 4.2. Kwanza fungua kasha: hapa Goma vumbi jeusi la lava hujibana kwenye chuma cha kupozea prosesa kama masizi ya sufuria. Yangu niliisugua kwa mswaki, nikapaka pasta mpya ya kupitisha joto. Kisha ingia BIOS, ile mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka, pandisha kizidishi tu, 40, 41, 42: ndiyo namba inayozidishwa na 100 MHz kupata kasi, hivyo 42 ni 4.2 GHz. Ile 100 MHz ya msingi usiiguse. Kila hatua endesha Prime95, programu ya kuichosha prosesa, saa nzima. Joto likipita digrii 80, rudi nyuma. Volti za prosesa nisingevusha 1.35. Na umeme huu unaoyumba, bila stabilaiza utalaumu prosesa bure.